Niliongeza mtu mmoja

Wiki hii zamu ni yangu, na nimeamua kujibu lile swali mnaloniuliza kila tukikutana pale kwenye kuchaji simu: hii kazi ya vimbunga ninayofanya usiku inalipa kwacha ngapi? Hailipi. Inakula bando tu. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya, kwa hiyo nitaeleza kazi yenyewe, halafu nitaeleza kosa nililofanya.

Kuna watu wa kujitolea duniani wanaoandika kila kimbunga kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Kimbunga kikipewa jina tu, mmoja anafungua ukurasa. Mwingine analeta kasi ya upepo. Mwingine anasoma magazeti ya Madagaska kwa Kifaransa, mwingine ya Msumbiji kwa Kireno, na kuna mwingine kazi yake ni kusahihisha mikato na nukta basi. Wengi hawajawahi kuonana. Wanabishana sana, tena kwa adabu, kuhusu mambo ambayo ungecheka, kwa mfano kama kimbunga kilifika nchi kavu saa tano usiku au saa sita. Mimi niliingia kwa sababu ya lugha. Vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi vimeandikwa zaidi kwa Kiingereza, na mama zetu hapa Dzaleka hawasomi Kiingereza. Nikaanza kutafsiri, baadaye nikaanza kuongeza na kusahihisha.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni ramani ya njia. Kila baada ya saa sita kimbunga kinawekewa nukta, na rangi ya nukta inaonyesha nguvu ya upepo. Buluu ni dhaifu, njano kimeshakomaa, ikielekea kwenye wekundu ujue ni balaa. Ukifuata zile nukta unaona safari nzima. Vimbunga vingi safari zao ni fupi, siku chache tu baharini kisha kinakufa. Freddy ni kitu kingine kabisa.

Freddy alipewa jina tarehe 6 Februari 2023 na watu wa hali ya hewa wa Australia, maana alizaliwa kule kwao. Akakata bahari yote kutoka mashariki kwenda magharibi, akapita karibu na Mauritius na Réunion, akaipiga Madagaska tarehe 21 karibu na Mananjary, na tarehe 24 akaingia Msumbiji upande wa kusini. Hapo kimbunga cha kawaida kinakwisha. Yeye akarudi baharini. Akazunguka kwenye mlango wa bahari kati ya Msumbiji na Madagaska, akapata nguvu upya, na tarehe 11 Machi akaingia Msumbiji mara ya pili, Zambézia, karibu na Quelimane. Mwaka 2024 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilithibitisha kwamba hakuna kimbunga kilichowahi kurekodiwa kikaishi muda mrefu kama yeye, siku 36. Kwa umbali ni wa pili: yeye alitembea kilomita 12,785, lakini John wa mwaka 1994, kule Bahari ya Pasifiki, alitembea 13,159. (Kuna kijana wa humu kundini aliandika kwamba Freddy anashika rekodi zote mbili. Nilimwambia, akakasirika. Ndugu, ni moja.)

Sasa angalieni nukta za mwisho. Baada ya Quelimane rangi inashuka, inakuwa ya udhaifu, na mstari unakatika pale mpakani mwa Msumbiji na Malawi. Ukisoma ramani peke yake utasema Freddy aliyekuja Malawi alikuwa mzee aliyechoka. Ni kweli kwa upepo. Ile rangi haipimi mvua. Ile hewa iliyojaa maji ilikaa juu ya kusini mwa Malawi ikagoma kuondoka, na kwa siku sita ilinyesha mvua ya miezi sita. Mulanje, Phalombe, Chikwawa, Nsanje, Blantyre. Sisi huku Dowa tulipata mawingu na manyunyu. Nakumbuka niliota moto asubuhi ya Jumatatu tarehe 13 nikisema baridi hii ni nzuri.

Asubuhi hiyohiyo, kabla ya kucha, mlima Soche ulikuwa umeshateremka juu ya Chilobwe. Si maji tu. Ni matope na mawe makubwa kama vyumba.

Mtoto wa mama mdogo wangu alikuwa amepanga chumba Chilobwe. Tumekua pamoja tangu Fizi, tulikuja hapa kwa lori moja. Alikuwa akiuza kaunjika Limbe, suruali za jinzi hasa, alikuwa na jicho la jinzi. Mnajua sheria, mkimbizi anatakiwa kukaa kambini, lakini mnajua pia ni wangapi walikuwa wanajitafutia maisha nje. Kule alijiita jina la Kichewa ili wateja wasimuulize maswali mengi, na Kichewa chake kilikuwa kizuri hadi nilikuwa nikimcheka kwenye simu. Jumapili usiku aliandika ujumbe mmoja tu, kwamba mvua inapiga bati kama mtu anatupa kokoto, na chaji imebaki kidogo. Ni huo tu.

Jumatano mama mwenye nyumba wake alipiga simu. Yeye alipona kwa sababu usiku ule alilala kwa binti yake Lunzu. Alisema nyumba haipo, hata ukuta wa choo haupo. Alisema alikwenda shuleni, walikokusanyika watu waliopoteza nyumba, akaandikisha majina ya wapangaji wake watatu. Mmoja alionekana baadaye yuko hospitali akiwa hai. Wa pili walimchimbua na kumzika. Wetu hakuonekana.

Mama mdogo hakwenda Blantyre. Msimhukumu. Zaidi ya kilomita 300, nauli hana, karatasi ya kutoka kambini hana, na angefika angeulizwa mtoto wako anaitwa nani, alikuwa anafanya nini hapa. Tena ana mtoto mwingine wa kiume kulekule kusini, na akilini mwake kumtaja yule aliyezama ni kumwonyesha kidole yule aliyebaki. Mwisho wa mwezi huohuo likatoka tangazo kwamba wakimbizi wote wanaoishi nje warudi Dzaleka. Baada ya hapo hakutaka tena hata tuzungumze kwenye simu.

Hesabu ya Malawi ilipotulia ilisema watu 679 wamekufa na 537 hawajulikani walipo. Kuna wanaojumlisha wakaandika 1,216. Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri sehemu hiyo kwa Kiswahili, na lile fungu la pili lilinisumbua kuliko la kwanza. Niliandika “waliopotea”, nikafuta. Mtoto anapotea sokoni, mbuzi anapotea, halafu anarudi. Nikamsomea mama mdogo, sikumwambia ni kwa nini. Akasema, “Mwenye kupotea ataulizaka njia. Hao habajaonekana. Andika hivyo.” Nikaandika “hawajaonekana”. Baada ya wiki mtu mwingine alibadilisha akaandika “hawajulikani walipo”, na kusema kweli ni Kiswahili sanifu zaidi, nikaliacha.

Kosa nililifanya usiku mmoja mwezi wa tano. Nilikuwa na bando la kuisha saa sita, na nilikuwa nimetoka kwa mama mdogo nimemkuta ameketi tu gizani. Nikafungua ukurasa wa Kiingereza, maana ndio unaosomwa na dunia. Nikaenda kwenye idadi ya Malawi. Nikafuta 679, nikaandika 680. Pale panapotakiwa maelezo ya badiliko sikuandika kitu. Nikabonyeza kuhifadhi.

Sikuhisi kama nadanganya. Nilihisi kama nimemfungia mtu kitambaa.

Haikufika dakika kumi. Ikarudishwa 679. Maelezo yalikuwa maneno mawili: hakuna chanzo. Na kwenye ukurasa wangu wa mazungumzo kukawa na ujumbe wa mtu nisiyemjua, ana jina la bandia kama sisi sote kule. Anauliza kwa upole: una gazeti au taarifa yenye namba hii? Nilimjibu kwa hasira kwa Kiingereza changu kibovu. Nilimwambia chanzo ni mimi. Chanzo ni mama yake. Nilimweleza mambo ya Chilobwe na kaunjika na ujumbe wa Jumapili, vyote.

Alichukua kama saa nzima kujibu. Alisema pole, na alisema kwa urefu, si pole ya mdomoni. Halafu akasema namba itabaki ilivyo, kwa sababu kila mtu duniani akiongeza anayemjua, hakuna atakayeweza kujua tena namba ile ni ya nani. Kisha akauliza swali ambalo lilinikalisha chini: una hakika hayumo tayari kwenye 679, au kwenye wale 537?

Sina hakika. Hapo ndipo nilipokwama na nimekwama mpaka leo. Mama mwenye nyumba aliandikisha wapangaji watatu. Kama karatasi ile ilifika ilikotakiwa kufika, ndugu yangu yumo, kwa jina lisilo lake, Mmalawi kwenye karatasi. Kama haikufika, hayumo popote. Kwa hiyo ile 680 yangu ingeweza kuwa ukweli, na ingeweza kuwa kumhesabu mtu mmoja mara mbili. Na kuna jambo linaloniumiza zaidi: wiki mbili kabla ya hapo mimi mwenyewe nilikuwa nimefuta namba ya mtu kwenye ukurasa wa Idai. Alikuwa ameongeza watu kadhaa wa Beira bila chanzo. Niliandika maneno yaleyale mawili. Sikumuuliza hata yeye ni nani.

Wengine mtasema, si ungetafuta mwandishi wa habari aandike, kisha utumie habari yake kama chanzo? Niliwaza hivyo. Nilimpata na mtu. Nikaenda kumwomba mama mdogo ruhusa. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaomba nimwonyeshe kwanza huo ukurasa wote. Nikamfungulia ramani. Tukafuata nukta kwa kidole, kutoka Australia. Kioo cha simu yangu kina ufa, ufa unapita juu ya Madagaska. Tulipofika pale Freddy anaporudi baharini akanishika mkono. “Alirudi?” Nikamwambia alirudi, Mama, akakaa wiki nzima kwenye maji, akaja tena. Akanyamaza. Halafu akauliza hizi nukta zote nani aliziweka. Nikamwambia ni watu tu, wanatazama picha za setilaiti, kila saa sita.

“Papa,” akasema, “ule upepo balimuhesabia siku zake zote. Usiku na muchana. Na mutoto yangu nani alimuhesabia?”

Kuhusu mwandishi alikataa. Alisema akitoka gazetini, yule mwingine wa kusini atatafutwa. Nilimwambia gazeti linaweza kuficha majina. Akaniambia na wewe ulificha jina kule kwenye kamusi yako, wakakufuta.

Sikuwa na jibu. Nimewahi kumweleza mambo ya chanzo, kutoegemea upande, kutoandika utafiti wako mwenyewe, na anaelewa vizuri kuliko vijana wengine niliowafundisha. Anaelewa na bado anauliza. Hili mnalolisoma ameniruhusu niliweke hapa, bila jina la yeyote. Alisema kwenye kundi ni sawa, kwenye kundi watu wanajuana.

Sijaacha kazi. Nimebadilisha kitu kimoja tu: nikifuta namba ya mtu, nauliza kwanza. Wengi hawajibu. Mmoja wa Zambézia alijibu, tukaandikiana miezi miwili, yeye kwa Kireno, mimi kwa mashine ya kutafsiri. Na kwenye ukurasa wa Kiswahili niliongeza aya inayoeleza kwamba rangi za ramani ni za upepo, si za mvua, ili mtu akiona nukta dhaifu juu ya Malawi asifikiri hakukuwa na jambo. Hiyo ina chanzo. Ipo mpaka leo.

Jumamosi hii tunaanza Gombe. Yeye aliingia Nampula tarehe 11 Machi 2022, na kambi ya Maratane, yenye Wakongo na Warundi kama sisi, ilipigwa vibaya. Najua humu wapo waliopitia Maratane kabla ya kuja Dzaleka. Namba zenu siwezi kuziweka, nimeshawaeleza ni kwa nini, lakini picha naweza. Sharti liwe uliipiga wewe mwenyewe, ukubali itumike bure na yeyote, sura ya mtu isionekane bila ruhusa yake, na uandike tarehe na mahali hata kama ni kwa kukisia mwezi. Nyumba iliyoanguka, bati kwenye mti, foleni ya maji, chochote. Nitumieni inboksi, si hapa kundini, maana picha zikipitia hapa zinapungua ubora.