Jumapili za Magari ya Rangi ya Papai

Jamani, nikiri tu: katika miaka sita ya ndoa yangu, mpinzani wangu hajawahi kuwa mwanamke. Ni Formula 1. Ikifika Jumapili, mume wangu na baba yake walikuwa wanashika remoti, mimi nashika simu nawalalamikia mashoga zangu.

Mwaka jana baba mkwe akafariki. Jumapili ya kwanza baada ya arobaini, mume wangu akawasha TV kama kawaida, macho makavu, kiti cha mzee kitupu pembeni yake. Nikapandisha: "Hivi wewe una moyo kweli? Baba yako hujamlilia, unaangalia magari!"

Akapunguza sauti ya TV. "Kaa hapa, mama watoto. Nikusimulie habari ya timu ya mzee."

Timu ya mzee ni McLaren. Bruce McLaren, dereva kutoka New Zealand, aliianzisha Uingereza mwaka 1963. Hakutosheka na Formula 1. Alipeleka magari yake ya rangi ya papai kwenye mashindano ya Can-Am, kule Marekani na Kanada, na timu ikatoa bingwa miaka mitano mfululizo, 1967 hadi 1971. Katikati ya raha hiyo, tarehe 2 Juni 1970, Bruce alikuwa analijaribu gari la Can-Am kwenye uwanja wa Goodwood, Uingereza. Bodi ya nyuma ikachomoka, gari likamshinda. Alikufa akiwa na miaka 32, akaacha mke na binti mdogo.

Siku 12 baadaye, timu ilikuwa Mosport, Kanada. Dan Gurney, aliyeitwa kuziba pengo, akashinda. Denny Hulme, rafiki wa Bruce, aliendesha akiwa na majeraha mikononi; alikuwa ameungua Indianapolis mwezi uliotangulia. Akamaliza wa tatu, na mwisho wa msimu ubingwa ukawa wake.

"Unadhani hawakulia?" mume wangu akaniuliza. "Mzee alinisimulia haya wiki aliyofariki mama. Nilikuwa na miaka 14. Hakujua aniambie nini kingine. Tangu hapo tukawa tunakaa wote hapa kila Jumapili."

Hapo ndipo sauti ikamkatika. Kumbe miaka yote ile nilikuwa naugombania msiba wa watu nikidhani ni starehe.

Timu iliendelea. Mwaka 1974 ilitoa bingwa wa Formula 1 na ikashinda Indianapolis 500, mwaka 1995 gari lake likashinda Le Mans, na 2024 ikawa tena bingwa wa timu za Formula 1. Jina la marehemu bado liko kwenye gari.

Makelele ya injini bado siyapendi, sidanganyi. Ila siku hizi natengeneza chai ya tangawizi, nakaa naye. Kiti cha mzee tunakiacha wazi.

Nawe msomaji, kabla hujamwambia mwenzio hana machozi, muulize kwanza huwa anakwenda wapi kulia.