Mbu Watatu wa Sura Moja

Mwaka mmoja malaria ilimshika mdogo wangu mara mbili. Nikamkemea nikidhani halali ndani ya chandarua. Naye akakana kwa machozi.

Baadaye Bwana Afya alinionyesha mbu watatu waliokufa. Nikawatazama sana, nisione tofauti. Akasema, “Hata mimi sioni, mpaka chembe zao za urithi zipimwe.”

Akanieleza ya kuwa mwaka 1902 Mwingereza Giles alimpa mbu wa sura hii jina la Anopheles gambiae. Katika miaka ya 1960 wataalamu waliwazalisha pamoja mbu waliodhaniwa kuwa jamii moja, wakaona wana madume ni tasa. Ndipo wakajua ya kuwa jamii ni nyingi. Gambiae hupenda damu ya watu, huwauma usiku nyumbani. Arabiensis huuma ng'ombe pia, na mara nyingi huuma nje. Merus huzaliwa katika maji ya chumvichumvi ya pwani.

Nikakumbuka jinsi mdogo wangu alivyozoea kukaa barazani jioni. Nikarudi nyumbani, nikamwomba radhi. Chandarua alikitumia, lakini mimi nalijua adui mmoja tu.