Maji ya Shingoni

Sisi vijana tunaoandikia mjini tunaipenda mno bahari. Mwaka huu nimesoma miswada ya wenzangu watatu, na yote ina wapenzi wanaotembea ufukweni jua likizama. Si vibaya. Ila kwetu Jambiani, mashariki ya Unguja, jua halizami baharini, linachomoza. Na bahari yetu si ya kutembelea jioni. Ni shamba.

Shamba lenyewe ni la mwani. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, wanawake hushuka pwani na vigingi na kamba, wakafunga vipande vya mwani kimoja kimoja, viuno vimepinda, jua la utosini. Baada ya wiki sita hivi huvuna, wakaanika, wakauza. Huko viwandani hutolewa kitu cha kugandishia kinachotiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Kwa hiyo wewe uliyepiga mswaki leo asubuhi, huenda jasho la mama yangu limepita kinywani mwako.

Kilimo hiki kilianza Unguja 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wanaume wengi walikitazama, wakaona ni kazi ya visenti, wakarudi kwenye ngalawa zao. Wanawake wakabaki nacho, na visenti vile vikajenga nyumba. Ndoa ngapi zilibadilika sauti kwa sababu mke naye ana fedha yake! Hilo peke yake ni riwaya.

Kuna mwani wa aina mbili. Kotonii ni mnene, na bei yake huwa karibu mara mbili ya ile ya spinosamu. Bati la nyumba yetu ni kotonii. Madaftari yangu, hadi nilipomaliza kidato cha nne, ni spinosamu. Katikati hapo ndipo palipotokea msiba.

Kotonii una deko. Hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 30 hivi. Sasa musimu wa kaskazi, maji yakipwa mchana, yale machache yanayobaki ndani ya mwamba huchemka kupita hapo. Mwani hudhoofika, ukapauka mweupe kama barafu, ukakatika na kuchukuliwa na mkondo. Bahari ya Hindi imekuwa ikiongezeka joto miaka hadi miaka. 1998 matumbawe mengi ya pwani hii yalipauka na kufa. Haukupita muda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kotonii nao ukaanza kuteketea Unguja. Spinosamu umevumilia zaidi, lakini nao siku hizi hupatwa. "Bahari ina homa, mwanangu," ndivyo asemavyo mama, na mimi sijapata namna bora ya kuliandika.

Dawa inajulikana: uhamishe mwani kwenye kina, kwenye ubaridi. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, akiwemo Dk. Flower Msuya, walijaribu nyavu zilizoshonwa kama mirija, mwani ukatiwa ndani na kuelezwa kwenye maji marefu. Unaota. Basi si hadithi imekwisha?

Haijesha. Kina kinataka chombo, na kinataka mtu ajuaye kuogelea. Mama amezaliwa hatua mia kutoka baharini na hajui kuogelea. Wavulana walijirusha kutoka ngalawani tangu wadogo. Wasichana walikuwa na pweza wa kuchokoa, kuni za kutafuta, na heshima ya kutunza. Bahari ya mama inaishia kifuani. Baada ya hapo ni ya wengine.

Redioni tunaambiwa mabadiliko ya tabianchi yanatugusa sote. Sikatai, na mvuvi naye anaumia. Lakini joto hili limekuja kuila ile sehemu ya bahari ambayo wanawake wanaifikia kwa miguu yao, likawasukuma kule ambako lazima waombe kupandishwa. Hilo sijalisikia redioni.

Kikundi cha mama ni wanawake tisa, na wanachanga wanunue dau. Kijana aliyekubali kuliendesha anataka nusu ya mavuno. "Nusu! Kwani kamba atafunga yeye?" Hapohapo Jambiani wapo wanawake wachache waliohamia kilimo cha sifongo za baharini, na iliwabidi kwanza wajifunze kuogelea. Mama amekwenda kuwatazama mara mbili, akasimama mbali.

"Utaingia?" nikamuuliza kwenye simu.

"Mie? Na umri huu? Watu watasemaje!"

Kisha akanyamaza, akaniuliza zile jaketi za kuelea zinauzwaje huko mjini. Nimekwenda Darajani kuulizia. Duka la kwanza walikuwa nazo za watoto tu.