Mirecourt: Msikilize Sauti, Msisome Jina

Ukimpenda mpiga fidla, ipo siku atakupeleka Mirecourt. Ni mji mdogo eneo la Vosges, mashariki mwa Ufaransa, alikozaliwa fundi maarufu Jean-Baptiste Vuillaume mwaka 1798.

Hapo viwanda kama Jérôme Thibouville-Lamy na Laberte vilitoa fidla kwa maelfu. Kazi iligawanywa: huyu anachonga kichwa, yule anaunganisha mbao za ubavuni, mwingine anapaka vanishi. Nyingi zilibandikwa ndani karatasi yenye jina la Stradivari, Mwitaliano aliyefariki 1737, kuonyesha tu mtindo ulioigwa. Jamani, karatasi hiyo imewaliza wengi!

Hata tuliyoonyeshwa sisi ilikuwa nayo, na bei ingemeza akiba yetu yote ya kiwanja. Mume wangu macho yakamtoka. Nikamnong'oneza, "Baba Neema, ipige kwanza." Akaipiga. Sauti tamu, haina makeke. Tukakubali kulipia fidla ya kiwandani, jina tukamwachia muuzaji. Akanung'unika, akashusha.

Mkienda, anzeni na jumba la makumbusho ya fidla mjini hapo. Pochi ifuate baadaye.