Rangi Mbili Zilivyoniumbua

Asikwambie mtu, tumbo likiamua kukuadhiri halichagui mahali. Mimi liliniadhiri ndani ya daladala ya Mbagala, nimepiga shati jipya, nimekaa na mtoto wa watu ambaye ndiyo kwanza namtoa matembezi. Nilishuka kituo kisicho chetu bila kuaga. Yule binti mpaka leo hajui nilikimbilia wapi!

Siku ile nilinunua vidonge vya rangi mbili duka la dawa, sita tu, vya kuhesabiwa. Kesho yake tumbo likatulia. Basi bwana, nikajipa udaktari. Mafua? Rangi mbili. Kichwa? Rangi mbili. Washkaji wakawa wanakuja geto kufuata 'tiba', nami nawagawia nusu dozi bila kuuliza swali. Na Baiolojia yenyewe kidato cha nne nilipata D.

Mwaka jana mama akaja kunitembelea kutoka Morogoro. Alikuwa na kikohozi kidogo cha safari. Daktari wa geto nikamwandikia rangi mbili. Siku ya nne akaanza kuendesha. Unadhani niliacha? Nikaongeza dozi! Siku mbili baadaye mama hawezi hata kusimama, tukamkimbiza hospitali, akatundikiwa dripu.

"Mama, kuna dawa yoyote ulitumia kabla ya kuanza kuendesha?" daktari akauliza.

Mama akanitazama. Mimi nikatazama ukuta.

"Nilinunua mwenyewe dukani, jina silijui," akajibu.

Mpenzi msomaji, mama yangu ni mtu wa kanisani. Sijawahi kumsikia akisema uongo. Siku hiyo alidanganya akiwa kitandani, ili mimi nisiaibike.

Sikulala. Alfajiri nikarudi na ile pakti, nikamkabidhi daktari, nikasema kila kitu. Hakunifokea. Afadhali angenifokea! Alinikalisha tu akanielewesha kwa upole.

Kumbe ndani ya utumbo mpana tunaishi na bakteria matrilioni, na wengi wao ni raia wema. Wanavunjavunja mabaki ya chakula ambayo sisi wenyewe hatuwezi kuyasaga, wengine wanatengeneza vitamini K. Halafu wamejaa kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni, hivyo kibaka akitaka kupanda hapati hata pa kuning'inia. Antibiotiki inaweza kumuua mdudu mbaya, lakini haiulizi tiketi. Inashusha na wema pia. Viti vikibaki wazi, vibaka wanapanda.

Kibaka mkuu anaitwa Clostridioides difficile. Hata yeye ana koo mbalimbali: wapo wasiotoa sumu kabisa, na wapo wenye sumu inayochubua utumbo mpaka mgonjwa anaweza kufa. Zipo dawa za kumuua, ila kwa baadhi ya watu anarudi tena na tena, maana viti bado vitupu.

Sasa shika pua. Mwaka 1958 daktari mmoja wa Denver, Marekani, Ben Eiseman, na wenzake waliandika habari za wagonjwa wanne wenye uvimbe mkali wa utumbo, waliopona baada ya kuingiziwa kinyesi cha watu wenye afya. Ndiyo, kinyesi! Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi wakatoa matokeo yao kuhusu wagonjwa ambao yule kibaka alikuwa akiwarudia. Kati ya 16 waliopitishiwa kinyesi kilichochanganywa na maji kwa mrija wa puani hadi kwenye utumbo, 13 walipona kwa mara ya kwanza tu. Kati ya 13 waliopewa dawa ya vankomaisini peke yake, walipona wanne. Mwaka 2023 Marekani ikaruhusu hata vidonge vya bakteria waliotolewa kwenye kinyesi. Kile tunachovuta maji kikapotea, kwa mwenzako ni uhai.

Ya mama hayakufika huko, namshukuru Mungu. Daktari alisimamisha rangi mbili, akamrudishia maji mwilini, na siku ya nne mwenyewe akaomba uji. Sisemi antibiotiki ni mbaya. Akiandika daktari, meza, tena umalize dozi. Ila mimi si daktari, na wewe uliyekaa hapo na pakti ya nusu dozi kabatini nawe pia si daktari.

Nikiwa namnywesha ule uji nikamnong'oneza, "Mama, nimeshamwambia daktari ukweli."

Akameza, akacheka kidogo. "Afadhali, mwanangu. Maana ule uongo ulikuwa unaniuma kuliko tumbo."

Siku hizi mshikaji akija geto kufuata tiba, namsindikiza hadi hospitali. Nauli ajilipie mwenyewe!

Tukutane wiki ijayo.