Morogoro, Mji Ambao Kila Kitu Huteremka

Msafiri atokaye Dar es Salaam, awe ndani ya basi au, tangu Juni 2024, ndani ya treni ya umeme, huiona milima ya Uluguru kabla hajauona mji wenyewe. Wenyeji huuita Morogoro "mji kasoro bahari", na asubuhi, wingu likiwa bado limekaa juu ya kilele cha Lupanga chenye zaidi ya mita 2,100, mgeni hana sababu ya kubishana nao.

Wengi wetu, ndugu msomaji, huusifu mlima huo kupitia dirishani, tukanunua mananasi, kisha tukaendelea na safari ya Dodoma au Iringa. Atakayeshuka na kushika njia ya kupanda Morningside, penye jengo kuukuu la enzi za Wajerumani, ataona jambo ambalo dirishani halionekani: Morogoro kila kitu huteremka. Maji huteremka. Ndizi huteremka zikiwa vichwani mwa akina mama waliotoka nyumbani kabla ya mapambazuko. Mananasi hutoka Kinole, kabichi na karoti hutoka Mgeta. Pamoja na mizigo hiyo huteremka watoto, viatu mkononi wakati wa mvua, wakienda shule.

Watu wa miteremko hii si wageni wa mji. Kata za Mlimani na Luhungo zimo ndani ya Manispaa, na madiwani wao huketi katika Baraza lile lile linaloamua mambo ya Kihonda na Mazimbu. Ndiyo maana swali la darasa lijengwe wapi ni zito kuliko linavyosikika kikaoni. Kwenye ramani, kutoka kitongoji cha mlimani hadi tambarare ni umbali mfupi. Masika, udongo mwekundu ukilowa, hiyo ni safari nyingine kabisa, na mtoto wa miaka saba huirudia jioni kwa kupanda, tumbo likiwa tupu.

Nchi yetu imelishughulikia suala la nafasi za shule mara nyingi. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na utekelezaji ukashika kasi mwaka 1977. Ada ya shule za msingi ilifutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2016 elimu bila ada ikafika kidato cha nne. Kila mara mlango ulipofunguliwa, watoto walikuja wengi kuliko madawati. Kiwango kinachotakiwa ni wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi. Mzazi yeyote wa mjini anajua jinsi kiwango hicho kinavyopitwa. Mwaka 2021 Serikali ilitenga fedha za madarasa 15,000 nchi nzima, kwa shilingi milioni 20 kila moja. Kati ya hayo, 3,000 yalikuwa ya shule shikizi, yaani zile ndogo zinazojengwa karibu na makazi ili watoto wadogo wasitembee mbali. Kwa maoni ya mwandishi, shule shikizi ndiyo dawa ya mlimani. Lakini tofali, saruji na mabati vikifika mwisho wa barabara ya gari hubebwa kwa mabega, na shilingi milioni 20 za tambarare si shilingi milioni 20 za Luhungo. Diwani anayehesabu madarasa tu atajenga bondeni daima.

Mlima huu pia unakumbuka maamuzi yasiyouliza wabebaji. Wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955, huko Matombo, wananchi wakagoma na kuandamana hadi mpango ukaachwa.

Sasa tugeukie jaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezikabidhi serikali za mitaa mzigo wa taka ngumu, na inataja kuzitenganisha pale zinapozalishwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Chupa za plastiki zimebaki, nazo zina wenyewe: waokotaji huziuza kwa kilo, kama vyuma chakavu. Kitu kisicho na mnunuzi ni kile kilicho kingi zaidi jikoni kwetu, yaani maganda ya ndizi, majani ya kabichi na mabaki ya ugali. Vyote hivyo huchanganywa na majivu na vipande vya chupa katika ndoo moja.

Ajabu ni kwamba maganda hayo ni udongo wa Uluguru. Mkulima wa Mgeta anajua thamani ya samadi. Mbuzi wa maziwa wa Kinorwe waliofikishwa huko katika miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine hawafugwi kwa maziwa peke yake. Chuo hicho kiko chini ya mlima. Lori linaloshusha kabichi hurudi na nafasi. Ndoo ya pili katika kila nyumba, na mahali pa kuozesha mboji, vingepunguza mzigo wa gari la taka, na pengine fedha ya mafuta yake ikasalia kwa ajili ya bati la darasa. Hilo Baraza linaweza kuliamua bila kusubiri mfadhili.

Kwa sasa, taka zisizozolewa huchukuliwa na mvua. Mito ya Morogoro na Kikundi hupita katikati ya mji na kuingia Ngerengere. Ngerengere huingia Ruvu. Na maji ya Ruvu, yakishasafishwa katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ndiyo mama wa Dar es Salaam anayoyakinga bombani ili apike chai ya watoto wanaokwenda shule.