Nyumba ya Magurudumu

Februari 2019 nilitolewa mtoto wa jicho. Daktari akaniusia nisiiname, nisiingie baharini na, kwa majuma mawili, nisisome. Mawili ya mwanzo hayakunishughulisha. La tatu lilinipiga. Mtu niliyeishia darasa la saba, na yote niliyoyajua baadaye nikayachuma vitabuni, nikinyimwa kitabu nasalia na nini?

Mkwe wangu, aliyekuwa akitunza shamba la minazi Ushongo, kusini ya Pangani, akatuletea salamu: "Baba, njooni na Mama mpumzike. Liko gari la kulala lililoachwa na mgeni mmoja. Haliendi tena, lakini halivuji."

Tukavuka kutoka Pemba hadi Tanga, mimi na mama watoto, tukashika njia ya Pangani. Tongoni tuliteremka. Jicho moja limefunikwa, la pili lina ukungu, nikayazuru makaburi kwa mkono. Nilivipapasa vishimo ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kaure. Bakuli zimeondoka, vitako vyake vimebaki. Pangani tukapanda pantoni hadi ng'ambo ya Bweni, tukapita mashamba ya mkonge. Mmea huu nao ni mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, miche iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, huko huko Pangani, ilikuwa 62 tu.

Gari lenyewe lilikuwa sanduku la bati chini ya minazi, magurudumu yamezama mchangani, kuku wakilala uvunguni. Ndani mlikuwa na meza inayokunjuliwa ikawa kitanda, kabati la kimo cha mtoto, na jiko la moto mmoja. Mmoja wetu akisimama, sharti mwingine aketi. Mama watoto alicheka mpaka akashika mlango.

Mtaniuliza, mahali kama pale mtu hufanya nini? Nilisikiliza. Alfajiri nilijifunza kupambanua mshindo wa bamvua na wa maji mafu. Nilimsikia mgema akipanda, kisu kikigonga kiunoni. Mchana mama watoto alifuatana na majirani kwa mashua hadi Maziwe, nami nikabaki kivulini. Jioni akanisimulia: kisiwa kilichokuwa na miti leo ni fungu tupu la mchanga, maji makuu yakija hulifunika. Kasa hata hivyo hawajasahau. Bado hupanda kutaga, na watu huyahamisha mayai hadi pwani ya bara yasije yakafa maji. Alisimulia vizuri, kwa maneno machache. Miaka yote nimekuwa mimi wa kusimulia, naye wa kusikiliza.

Usiku wa nne nikamwomba anisomee daftari langu la tafsiri. Hakuwa amepata kulisoma. Alisoma polepole, taa ikinuka mafuta, mpaka akalifikia shairi moja la Kiingereza, la wazee wawili wanaokunywa chai mvuani karibu na bahari. Baadhi yenu mliwahi kunisikia nikilighani barazani, mkanipongeza. Hapo akasita.

"Hawa ni wangapi?"

"Wawili."

"Basi mbona umewaita msafara? Watu wawili na birika?"

Nilitaka kumjibu kwa hasira. Kisha nikaugusa ukuta wa bati ubavuni mwangu, nikanyamaza. Kamusi yangu, mwalimu wangu wa miaka thelathini, ilisema *caravan* ni msafara. Neno hilo Waingereza walilipata kwa Waajemi, na huko kweli lilikuwa la ngamia na mizigo. Nami ni mtu wa pwani hii. Pangani ndipo ilipoishia misafara mingi ya karne ya 19: pembe na watumwa wakishushwa kutoka bara, nguo na shanga zikipandishwa. Basi neno lilipokuja, nililiona lote, wapagazi na minyororo. Nikawatia wazee wale wawili katika huzuni isiyo yao, na chai yao ikapoa jangwani. Waingereza kumbe waliligeuza neno likawa sanduku la bati la kupumzikia, mfano wa hili tulilolalia.

Tukatafuta neno. Mimi nikasema "kijumba cha magurudumu". Nikahesabu kwa vidole: mizani tisa, nayo nafasi ilikuwa ya nane.

"Kwa nini kijumba?" akauliza. "Hatukulala humu? Hatukupika? Sema nyumba."

Nyumba ya magurudumu. Nane. Nilikuwa nimeongeza mizani moja kwa dharau tu.

Sikulala mapema usiku ule. Kosa moja limetengenezwa, lakini ni mangapi mengine niliyoyachukua kamusini, vitu ambavyo sikuvigusa wala kuviona, nikavitia vina na kuwaghania watu? Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga hiyo hiyo, alimtafsiri Omar Khayyam kupitia Kiingereza, na tafsiri yake ilitoka mwaka 1952. Nilikuwa nikijitia moyo kwa mfano wake. Tangu Ushongo najiuliza pia nani alimsomea kwa sauti kabla ya kuchapa.

Jicho limepona. Naweza kusoma mwenyewe, ila daftari lile sijalifungua peke yangu tena. Baada ya isha mama watoto husoma, mimi husikiliza, na akisita tunasimama. Tumefika shairi la kumi na moja. Hadi sasa amesita katika tisa.